Oscar Watkins, Mtu wa Daftari la Kariakoo



Mhariri wetu ametuomba tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki zamani, ambao kazi zao ziligusa sehemu zetu za Mara. Najua wengi watamwandika Mwalimu, na ni haki yao. Mimi nimemchagua Mwingereza mmoja ambaye wasomaji wa historia ya Afrika Mashariki wanamfahamu vizuri, lakini ambaye jina lake halisikiki vijiweni. Kazi yake, hata hivyo, hutajwa kila dakika na makonda wa Dar es Salaam wanapoita abiria wa Kariakoo. Mtu huyo ni Luteni Kanali Oscar Ferris Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Huenda mtaniuliza mtu wa Tarime ana haja gani na Watkins. Jibu langu ni hili. Kwetu Tarime na Serengeti jeshi ni jambo la nyumbani. Toka enzi za KAR mpaka JWTZ, ni shida kupata ukoo wa Kikurya usio na mtu aliyevaa sare, na Wangoreme na Waikoma nao hawako nyuma. Tunapokaa kwenye msiba au harusi husimuliwa habari za askari: nani alikwenda Burma, nani aliingia Kampala mwaka 1979. Aliyewaandika majina yao hasimuliwi, wala wale waliobeba chakula na risasi za askari. Nimeona tufanye hisani ya kuwakumbuka, na huwezi kuwakumbuka bila kupita kwa Watkins.

Alizaliwa mwaka 1877, mtoto wa kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi India. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akapigana Afrika Kusini katika vita vya Waingereza na Makaburu. Mwaka 1908 alikuja Kenya, ambayo wakati ule iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, akaajiriwa kuwa bwana shauri msaidizi. Akajifunza Kiswahili, tena si kile cha kuagizia chai na maji ya kuoga, bali cha kusikiliza kesi na kuandika. Kwa muda wa miaka sita alikuwa mtumishi wa serikali kama watumishi wengine, na kama vita visingetokea pengine leo hakuna ambaye angemtaja.

Vita vilipoanza Agosti 1914, sehemu zetu zilikuwa mpakani hasa. Wakoloni walikuwa wamechora mstari wao kutoka Ziwa Viktoria kuelekea kusini mashariki, ukawakata Wakurya vipande viwili kana kwamba wanakata kitambaa. Waireggi, Wagumbe, Wanyabasi na Wakira wakajikuta wengine ni wa Mjerumani na wengine ni wa Mwingereza. Wajerumani walikuwa na boma Shirati, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Rorya iliyogawanywa kutoka Tarime mwaka 2007. Huku Serengeti walikuwa na boma lao la Ikoma. Mwezi Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kikaingia Kisii, na tarehe 12 mwezi huo pakawa na mapigano makali mjini pale mpaka Wajerumani wakarudi nyuma. Wakurya walikuwa wakiona moshi wa pande zote mbili. Ugomvi ule haukuwa wao, ila mizigo ya ugomvi ule ilikuwa ikiwangojea.

Lazima nieleze mizigo hii ilitoka wapi. Jeshi la zamani za Ulaya lilivutwa na farasi na ng'ombe. Huku kwetu mbung'o aliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Reli zilikuwa mbili tatu tu, na magari yalizama matopeni masika yalipoanza. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu na mabega yake. Kila mtu alibeba mzigo wa ratili kama 50, na yeye mwenyewe njiani alikula. Kwa hiyo ukitaka kumlisha askari mmoja aliye mbali na reli, ulihitaji wapagazi kadhaa wa kumbebea, na wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi chakula. Safari ikirefuka, sehemu kubwa ya posho iliishia tumboni mwa waliokuwa wakiibeba. Hesabu hii ndiyo iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Basi mara tu baada ya vita kutangazwa, serikali iliunda kikosi cha wapagazi, na Watkins akakabidhiwa. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu wetu ililigeuza jina hilo likawa Kariakoo, na huko Nairobi likawa Kariakor. Kambi zao katika miji hiyo miwili zikaacha majina hayo hadi leo.

Mwanzoni walikuja watu wa hiari, wengi wakiwa wale waliozoea safari za biashara na usasi. Hao hawakutosha. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu mabwana shauri kuwachukua watu kwa nguvu, na mshahara wa mpagazi mpya ukashushwa mpaka rupia 5 kwa mwezi. Kila wilaya ikapewa idadi yake. Bwana shauri akawagawia machifu, machifu wakawagawia wazee wa vijiji, na wazee wakawatuma vijana wao usiku. Waliokamatwa ni wale wasio na mtu wa kuwasemea: yatima, maskini, mgeni aliyelala kwa shemeji, kijana aliyegombana na mtoto wa chifu. Wengine walikimbilia porini. Wengine walikimbilia mashamba ya walowezi, kwa maana mfanyakazi wa mzungu hakuguswa, na walowezi wakafurahi kupata vibarua bila kuongeza senti. Jomo Kenyatta mwenyewe, ambaye siku zile alikuwa kijana Johnstone Kamau, alikwenda kukaa Narok kwa jamaa zake wa Kimasai mpaka hatari ikapungua.

Watkins ndiye aliyekaa kileleni mwa mashine hii. Mwandishi anayemwandika kana kwamba alikuwa mfadhili anatudanganya. Alikuwa mtumishi wa ubeberu, na watu waliletwa mbele yake wakiwa wamefungwa kamba. Lakini kuna jambo moja linalomtofautisha na wengi wa wenzake: alipopokea mtu alitaka aandikwe. Jina la mtu, baba yake, chifu wake, mahali atokako. Kisha mtu akapewa kipande cha chuma chenye namba. Wakubwa wa jeshi waliona haya ni makaratasi ya bure wakati wa vita. Wao walitaka vichwa, wala hawakujali kichwa hiki ni cha nani. Watkins alishikilia kwamba mtu asiyeandikwa hawezi kulipwa, na akifa hakuna atakayejua amekufa.

Hapa naomba niseme neno langu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya Iddi Amin kuvamia Kagera, mimi nilikuwa karani kijana Tarime, na nilipewa daftari kubwa la kuandikia mgambo. Vijana walifika kutoka Nyamwaga, Muriba, Sirari na kwingineko, wengine bila kuaga nyumbani. Safu za daftari zilikuwa jina, baba, kijiji, balozi wa nyumba kumi, na mtu wa kupewa habari. Vijana wengi walitaja majina mawili ya kwanza upesi upesi wakitaka kupita. Safu ya mwisho ndiyo iliyowasimamisha. Mmoja alisimama kimya muda mrefu, kisha akamtaja nyanya yake. Mzee mmoja wa ofisi, ambaye aliwahi kuwa KAR, alikuwa akikagua daftari kila jioni, na akiona safu ile iko tupu humwita mtu arudi hata kama amekwisha panda lori. Sikuwa najua wakati huo desturi ile imetoka wapi. Nilipokuja kusoma habari za Watkins miaka mingi baadaye, nikaona ile safu ya mwisho ilikuwa na historia yake.

Turudi kwenye vita. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alishika uongozi akasukuma majeshi kwa haraka kutoka Kilimanjaro kuelekea kusini. Julai mwaka huo Waingereza waliteka Mwanza, na upande wetu wote wa ziwa ukawa mikononi mwao. Mara uandikishaji ukaanza katika nchi iliyotekwa: Wasukuma na makabila mengine ya ziwani wakabebeshwa mizigo kuelekea Tabora. Mtu aliyekuwa jana raia wa Mjerumani, leo anambebea Mwingereza risasi za kumpigia Mjerumani. Na upande wa pili Wajerumani nao walikamata wapagazi vivyo hivyo, tena wengi wao bila kuandikwa mahali popote.

Majeshi yalipofika Mto Rufiji, masika ya mwaka 1917 yalikuwa makali mno. Njia zikafunikwa na maji, posho ikakatika, na wapagazi wakafa kama inzi. Hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuharisha damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Jambo lililomuudhi Watkins kuliko yote lilikuwa unga. Jeshi liligawa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye makapi, kwa watu ambao kwao walikula ndizi, au wimbi na mtama, au maziwa. Mtu amefika kambini usiku, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria hana. Anaukoroga unga katika maji ya uvuguvugu anaumeza. Siku ya tatu matumbo yake yanachanika. Watkins aliandika barua juu ya barua: unga usagwe vizuri, wawepo wapishi, chakula kipikwe kabla watu hawajafika, kila mtu apewe blanketi, watu wa nyanda za baridi wasipelekwe pwani bila kuzoezwa. Mengine yalitimizwa, lakini yalikuja yakiwa yamechelewa.

Kwamba alikuwa akisema kweli kulithibitishwa mwaka huo huo. Daktari John Arthur wa misheni ya Kikuyu alikusanya wapagazi wa hiari karibu 2,000 kutoka misheni mbalimbali, akaenda nao mwenyewe pamoja na wamisionari wenzake. Walikula chakula kilichopikwa, waliangaliwa walipougua, walijuana kwa majina. Vifo vyao vilikuwa vichache mno ukilinganisha na vikosi vingine vilivyotembea njia zile zile. Nchi ilikuwa moja, mbu walikuwa wale wale na mizigo ilikuwa ile ile. Kwa hiyo wale wengine hawakulazimika kufa.

Machi 1917 serikali iliona kikosi cha Watkins hakitoshi kuleta watu, ikamteua John Ainsworth kuwa kamishna wa kazi za jeshi. Huyu Ainsworth tunapaswa kumjua, maana tangu 1907 alikuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, akiwa Kisumu, na Wakurya wa upande wa Kenya walikuwa chini yake. Alikuwa mtu mzima wa nchi, mpanda miti wa Nairobi, mwenye kuheshimiwa na machifu. Kwa sababu hiyo hiyo alifaulu kuliko mwingine yeyote kuwatoa watu majumbani. Mwaka ule nchi ilikombwa. Vijiji vya Nyanza, Ukambani na Kikuyu vikabaki na wazee, wanawake na watoto. Waganga wa serikali waliwakataa wengi waliokuwa dhaifu, na Ainsworth alijitahidi uchunguzi huo ufanyike. Ainsworth alileta watu, Watkins alitakiwa kuwatunza na kuwahesabu. Mimi nikiwapima wawili hawa, naona wa pili alikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu waliofika hawakuacha kufa.

Vita vilipokwisha, na Lettow-Vorbeck kusalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, watu wengine walirudi Ulaya kupokea nishani. Watkins alibaki na madaftari. Akaandika taarifa ndefu ya kikosi chake kuanzia tarehe 4 Agosti 1914 mpaka tarehe 15 Septemba 1919. Hesabu za serikali zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyeyachambua makaratasi hayo miaka mingi baadaye, alikadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Katika hao, waliotoka Kenya na Tanganyika ndio wengi. Fikiria wilaya nzima ya watu wazima imefutwa.

Ikazuka habari ya mishahara. Mpagazi aliyekufa njiani, au aliyepotea, alikuwa na miezi yake ambayo hakulipwa. Kwa sababu majina yaliandikwa, deni lilijulikana. Watkins alidai fedha zile zipelekwe kwa jamaa za marehemu, na kama jamaa hawaonekani, zitumike kwa faida ya makabila walikotoka. Nairobi ikaandikia London, London ikaandikia Nairobi. Wizara ya Vita ikasema habari hizo zimekwisha. Mwaka ukapita, na mwingine. Wakati huo huo rupia ikafutwa, ikaja florini, kisha mwaka 1921 ikaja shilingi, na kila badiliko likamchanganya zaidi mtu wa kijijini aliyekuwa akingoja. Shauri hili lilikuwa bado linatajwa katika miaka ya 1930. Fedha za wafu wale hazikuwafikia jamaa zao.

Watkins hakupendwa kwa ung'ang'anizi wake. Miaka ya 1920 na 1921 alikaimu nafasi ya Kamishna Mkuu wa mambo ya Waafrika wa Kenya. Juni 1921 alihudhuria mkutano wa Dagoretti, ambako Harry Thuku na wenzake walitoa malalamiko yao juu ya kipande, kodi na mishahara iliyotaka kupunguzwa na walowezi. Walowezi walimwona ni mtu wa kuwapa Waafrika kichwa. Cheo kile hakukithibitishiwa. Alipewa mwingine, na yeye akaendelea na kazi za wilaya na majimbo mpaka akastaafu. Hata hivyo na tukumbuke jambo la uchungu: kile kipande ambacho Thuku alikilalamikia, kilichovaliwa shingoni kama kengele ya mbuzi, ni ndugu wa kile kipande cha chuma cha Kariakoo. Uandikaji uliokuwa ngao ya mpagazi ulikuja kuwa mnyororo wa kibarua. Sijui kama Watkins mwenyewe aliliona hilo kwa macho yetu.

Mwaka 1939 magazeti ya East African Standard yalianzisha gazeti la Kiswahili, Baraza, na Watkins, ambaye sasa alikuwa mzee, akawa mhariri wake, akifanya kazi na kijana Francis Khamisi aliyekuja kuwa mwandishi na mwanasiasa mashuhuri. Wengi wa wazee wetu walijifunza kusoma habari za dunia kwa Baraza, maana lilivuka mpaka likafika hata huku kwetu.

Kuna sanamu mbili ambazo msomaji anaweza kwenda kuziona. Ya Dar es Salaam, pale mjini karibu na Posta, iliwekwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, yule Mjerumani aliyekwenda Cairo mwaka 1889 kuandikisha Wasudani kuwa askari wa kwanza wa Mjerumani katika nchi yetu. Basi askari mmoja amesimama penye alama ya mwandikishaji mwingine. Ya Nairobi iliwekwa 1928, na pale wamesimama watu watatu, mmoja wao akiwa mpagazi. Dar es Salaam mpagazi hayumo. Yeye alipewa soko. Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa miaka ya 1970 liliungua Julai 2021, na magazeti yote yakaandika jina la Kariakoo kwa siku nyingi, lakini sikuona hata moja lililoeleza jina hilo lilikuwa la nani.

Watkins alifariki mwaka 1943. Wakati huo vita vingine vilikuwa vinaendelea na waandikishaji walikuwa wamerudi tena kwetu kutafuta askari wa KAR. Kijana David Musuguri wa Butiama alikuwa amekwisha jiunga mwaka 1942, na vijana wa Tarime na Ikoma walikuwa njiani kwenda Burma. Safari hii waliandikwa vizuri zaidi, walivaa viatu, na jamaa zao nyumbani walipata sehemu ya mshahara kila mwezi. Madaftari ya vita vya kwanza yalikuwa bado makabatini Nairobi, na safu ya malipo mbele ya majina ya wafu ilikuwa haijajazwa.